Nati Zilizorekebishwa: Maelezo Kuhusu Ngazi ya Gati, Ras Kitau

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo Kidogo cha Polisi cha Mkadini, Kisiwa cha Manda
Tarehe: 12 Februari 2025, saa tatu asubuhi
Jina la shahidi: Idris Vae Kombo
Umri: Miaka 71
Kazi: Msanifu wa mitambo, mstaafu
Makazi: Kisiwa cha Ndau
Mwandishi wa maelezo: Koplo Mourine Chelangat

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilizaliwa Mivinjeni, kijiji cha bara kaskazini ya Kiunga. Nikiulizwa kijiji hicho kiko katika lokesheni gani, najibu kwamba hakimo katika lokesheni yoyote. Tuliondolewa huko nikiwa na umri wa miaka kumi, wakati wa vita vya Shifta, tukaambiwa kwamba tunahama kwa muda. Afisa ameniuliza aandike nini kwenye nafasi ya nyumbani. Nimemwambia aandike Ndau, ninakopanga, na asijisumbue na mengine.

Nilisomea uhandisi wa mitambo Mombasa, na huko huko nikafanya kazi katika karakana ya kutengeneza meli mpaka nilipostaafu mwaka 2014. Kazi yangu ilikuwa kuchora viungo vya chuma vitakavyovumilia bahari na kuvumilia watu. Bahari ilikuwa rahisi zaidi.

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu kwa ajili ya Amini Bunu Lali, fundi wa injini za boti, mkazi wa Ndau, ambaye yuko seli ya kituo hiki tangu jana. Anadaiwa kwamba alifungua kwa makusudi nati za ngazi ya gati la Hoteli ya Kusi, hapa Ras Kitau, na kusababisha Bi Edah Wakesho, mpishi wa hoteli hiyo, avunjike mguu. Nimeambiwa kwamba leo saa nane mchana atavushwa kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo nitasema kwa ufupi, isipokuwa pale ambapo ufupi ungemfaa mwongo.

Kwanza nieleze nati, maana naona hapa kila mtu anaitaja na hakuna aliyeitazama.

Ngazi inayozungumzwa ni daraja jembamba la chuma. Ncha yake ya juu imefungwa kwenye gati la mawe. Ncha ya chini imekaa juu ya jukwaa linaloelea, ambako boti hutia nanga, na imeshikwa kwa bolti nne. Jukwaa hilo halitulii. Mashua ya injini ikipita mbali linacheza, na boti ikiligonga linacheza zaidi. Watu hudhani kwamba nati hulegea kwa sababu haikukazwa, au kwa sababu mtu aliifungua. Hivyo ndivyo anavyofikiri mtu ambaye hajawahi kukaa na chuma. Kila pigo la maji huvitelezesha pembeni vyuma viwili vilivyofungwa, kwa unene wa unywele. Katika kuteleza huko nati hupoteza mshiko wake kwenye bolti kwa kitambo kidogo, na kwa kuwa hesi, ile mifuo inayoizunguka bolti, si kitu zaidi ya mteremko uliozungushwa, nati huteremka. Kidogo. Halafu kidogo tena. Haihitaji mkono wa mtu wala nia mbaya.

Nilipostaafu niliamua kubuni nati itakayokataa kuteremka. Sidai kuwa wa kwanza; viwanda vikubwa vina nati za namna hiyo za kila aina. Nilitaka moja inayoweza kutengenezwa Ndau kwa msumeno wa chuma, jiliwa la kubania chuma na tupa, na isiyo na pete ya plastiki ndani, maana jua na chumvi yetu huifanya pete hiyo iwe ngumu na kupasuka kama ukucha. Nilijaribu kuweka nati mbili moja juu ya nyingine. Nilijaribu pini. Nilijaribu gundi, ambayo naitaja kwa aibu ya gundi, si yangu. Zote zililegea au zilihitaji kutazamwa kila siku, na kitu cha kutazamwa kila siku hakijafungwa, kimesubirishwa tu.

Ufumbuzi niliupata kwa Bi Khairiya, mamake Amini, ambaye ni jirani yangu. Alikuwa akiteka maji kisimani, anainama na kuinuka, anavuta kamba, na leso yake aliyojifunga kifuani haikushuka hata kidogo. Nilisimama nikatazama.

“Bwana Idris,” akaniambia, “wanitazamani na uzee huo?”

“Natazama leso.”

“Leso nimeivaa mimi!”

Wanawake waliokuwa pale walicheka mpaka ndoo ikaanguka kisimani, nami nikaenda zangu. Afisa ananiambia sehemu hii si muhimu kwa upelelezi. Naomba iandikwe. Leso haina fundo. Ncha yake imekunjwa ikachomekwa, na mwili ule ule unaojitahidi kuifungua kwa kuinama na kuinuka ndio unaoibana. Mtu asiyefahamu hilo hatafahamu kwa nini nati zangu zilifanya kazi, wala kwa nini ziliacha.

Nilichukua nati ndefu kuliko ya kawaida, nikaikata kwa msumeno kutoka ubavuni, juu ya nusu yake, nikaacha sehemu ndogo bila kukatwa iwe kama bawaba. Kisha nikaibana kwenye jiliwa mpaka mdomo wa juu ukainama kidogo sana. Hesi za mdomo huo zikawa haziendi sambamba na za chini. Nati ya namna hiyo huingia kwenye bolti kwa mkono mpaka nusu, halafu hugoma. Kutoka hapo unahitaji spana, kwa sababu bolti inaupanua mdomo kwa nguvu, na mdomo unaibana bolti kwa nguvu ile ile. Chuma kikitikiswa, mdomo unazidi kushika. Kule kugoma ndiko nati yenyewe. Ukikuondoa unabaki na kipande cha chuma chenye tundu.

Za mwanzo zilivunjika mdomo. Zilizofuata zilibana mpaka zikaila bolti. Nilibadilisha mahali pa kukata, nikapunguza kuinama, nikaanza tena, mara nyingi. Aliyezijaribu ni Amini, kwenye vishikizo vya injini ya boti yake, ambayo wakati huo ilitikisika kiasi cha kumlegeza abiria meno. Alizifunga kabla ya mvua za mwaka 2023, na mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha hazikuwa zimesogea. Nilikwenda naye kuzitazama. Alijaribu moja kwa vidole, ikamkatalia.

“Bwana Idris,” alisema, “nati hii ina kiburi.”

Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Mnamo mwezi Novemba 2024 Bw. Nicodemus Mugambi, meneja wa Hoteli ya Kusi, alikuja Ndau kwa boti pamoja na Amini, aliyeajiriwa naye kutunza gati na injini za hoteli. Ngazi yake ilikuwa imeshalegea mara mbili, na Amini ndiye aliyemwambia habari za nati zangu. Bw. Mugambi aliniuliza nati hiyo inaitwaje. Nilimwambia inaitwa nati.

“Hapana mzee, jina. Jina la kuuza. Watu wanataka kitu iko na jina.”

Nilimwambia watu wanataka wasianguke baharini. Alicheka, akaniambia mimi ni mtu wa zamani. Nilimpa nati nne za bolti zile na nne za akiba. Nilimwambia mbele ya Amini kwamba zisichongwe upya, zisipanuliwe, na fundi akiona zinagoma ajue zimefika. Alisema, “Sawa sawa mzee.” Alikuwa akitazama simu yake. Nimeishi muda mrefu na nimeona watu wakisikiliza kwa njia nyingi. Hiyo si mojawapo.

Sikuwapo nati zilipofungwa. Amini alizifunga tarehe 18 Januari mwaka huu kwa agizo la Bw. Mugambi.

Mnamo tarehe 8 Februari, Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, Amini alinipigia simu. Tulizungumza hivi, na naomba yaandikwe kama yalivyo.

“Bwana Idris, zile nati zalegea.”

“Haziwezi.”

“Zalegea. Nazikaza kila asubuhi. Kufika jioni zazunguka kwa vidole.”

“Ulipozitia, ziligoma?”

“La. Ziliingia moja kwa moja. Nilipouliza, Bwana Mugambi aliniambia ndiwe uliyezilainisha.”

Nilikata simu hiyo nikampigia Bw. Mugambi. Sikulazimika kumbana. Alisema mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa: “Mzee, nati zako zilikuwa na shida kidogo, lakini nimezirekebisha. Zilikuwa haziingii. Nilizituma Mokowe, jamaa mmoja huko akazipitisha mashini ya kuchonga hesi. Saa hii zinaingia swafi kabisa.”

Nilimwuliza kama anafahamu alichofanya. Alisema ameboresha. Nilimweleza, kwa maneno mepesi kuliko haya, kwamba mashini hiyo imekwangua hesi za mdomo wa juu zikawa sawa na za chini, kwamba ameziondolea zile nati kitu kimoja tu zilichokuwa nacho, na kwamba sasa hana nati bali mapambo. Nilimwambia afunge njia ya ngazi siku hiyo hiyo.

“Mzee, niko na wageni mpaka Jumatatu. Watapita wapi? Wiki ijayo tutaangalia.”

Nilimwambia basi wageni wapitie kwenye kichwa chake. Aliniambia nipunguze hasira, si nzuri kwa umri wangu.

Nilimpigia tena Amini nikamwambia asimruhusu mtu kupita. Alijibu kwamba alishamwambia meneja, na meneja akamwambia kazi yake ni spana, si kutoa amri. Nati za akiba zilikuwa zimepitishwa mashini pamoja na zile nyingine. Kwa hiyo nilitia nati nne mpya mfukoni, nikaondoka Ndau Jumapili kwa boti ya abiria, nikalala Amu, mjini Lamu, na Jumatatu tarehe 10 Februari nikavuka kuja Ras Kitau. Nilifika kwenye gati la hoteli mnamo saa sita na dakika kumi mchana.

Bw. Mugambi alikuwa amesimama juu ya gati akipiga picha. Nilimwambia nimeleta nati, afunge ngazi kwa nusu saa tu tuzibadilishe. Alisema, “Ngoja kidogo mzee, jua liko poa.” Amini alikuwa chini, ndani ya boti ya hoteli, kando ya jukwaa, akifungua chujio la mafuta. Bi Edah alikuwa anateremka ngazi na kikapu, kwenda kuchagua samaki kwa mvuvi aliyekuwa amefika. Alinisalimu, “Shikamoo mzee,” nami nilikuwa sijamaliza kuitikia ngazi ilipoteleza.

Haikuvunjika. Nasisitiza. Ilisogea pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake, ikatoka juu ya jukwaa na kuanguka kwa ubavu. Bi Edah aliangukia majini na mguu wake wa kulia ukabanwa baina ya jukwaa na chuma. Amini aliruka kutoka kwenye boti kabla ya mtu mwingine yeyote kufumba mdomo. Aliingia chini ya ngazi, akaiinua kwa bega, akamshika Bi Edah kichwa kisizame mpaka mimi na mvuvi tukafika. Tulipomlaza juu ya mawe, Bi Edah alikuwa na rangi ya jivu, na neno lake la kwanza lilikuwa, “Mtu azime jiko. Chapati zinaungua.”

Bw. Mugambi alikuwa bado ameshika simu. Alipoteremka hakwenda alipo Bi Edah. Alikwenda kwenye jukwaa, akaokota nati mbili zilizokuwa zimebaki hapo, akazitia mfukoni. Nilimwambia mbele ya watu wote azitoe na azikabidhi kwa polisi. Alizitoa, kwa kuwa watu walikuwa wengi. Nati mbili nyingine zilianguka majini.

Jana tarehe 11 Februari Amini alikamatwa. Sababu nilizoelezwa ni tatu. Kwanza, kwamba wageni walimwona kila asubuhi ameinama na spana kwenye nati zile. Pili, kwamba nati zilizookotwa ni nzima, na Bw. Mugambi anasema nati nzima haitoki ila ifunguliwe. Tatu, kwamba Amini aliruka haraka mno. Bw. Mugambi aliwaambia polisi, “Alijuaje pa kuruka?” Mtu aliyesimama na simu yake anamshtaki mtu aliyeruka kwa kosa la kuruka. Nimeandika sentensi hiyo kichwani mara kadhaa tangu jana na kila mara naona ni kweli ilisemwa.

Jana hiyo hiyo jioni Bw. Mugambi aliniita ofisini kwake. Hakufunga mlango, kwa hiyo nadhani aliona anachosema ni cha heshima.

“Mzee, tufikirie pamoja. Kama nati zilijifungua zenyewe, basi nati yako ndiyo mbaya. Nani ataichukua tena? Kama ni Amini alifungua, nati yako iko sawa. Jina lako linabaki safi. Huyu kijana ni nani kwako? Si hata ndugu yako.”

Nakiri kwamba alichosema kina hesabu ndani yake. Nati hiyo imenichukua miaka kumi, na sina kitu kingine nitakachoacha. Amini akifungwa, hakuna atakayeuliza nati ilikuwaje. Nilimwambia Bw. Mugambi kwamba inaonekana hajawahi kukutana na jambo ambalo ni la kweli hata kama linamdhuru anayelisema. Aliniuliza kama nitakunywa chai.

Sasa nieleze yaliyotokea hapa kituoni asubuhi hii, maana nayo ni sehemu ya ushahidi.

Nilipofika, Konstebo Austin aliniambia kwamba nimejisumbua bure kwa sababu mshukiwa ameshakiri. Nilimwomba anisomee ukiri huo. Alinisomea: “Mshukiwa alipoulizwa alizifanya nini nati za ngazi, alikubali makosa na kuniomba nimfungie.”

Nilimwuliza Amini alisema neno gani hasa.

“Alisema ‘nifungie’. Akarudia, ‘nifungie zote mimi’. Sasa mzee, mtu anakuambia umfungie, wewe utaandika nini?”

Nilimwambia kwamba kwetu, visiwa vya kaskazini, kitenzi kinachoishia hivyo kinaeleza jambo lililokwisha. Nipisie maana yake ni nimepita. Nifungie maana yake ni nimefunga. Kijana aliulizwa alizifanya nini nati, akajibu kwamba amezifunga, amezifunga zote, yeye mwenyewe. Kwa jibu hilo akafungwa yeye.

“Mzee,” alisema Konstebo Austin, “mimi Kiswahili nilipata A.”

Nilimwambia aliyempa alama hiyo hajawahi kuvuka maji.

Koplo Chelangat, anayeandika maelezo haya, alitoka nje mwenyewe kwenye benchi alikoketi Bi Khairiya tangu alfajiri, nasi tukamsikia dirishani. Alimwuliza, “Mama, ukiwa umeshafunga mlango, halafu mtu akuulize umeufanyaje, unamjibu vipi?”

“Mlango upi?”

“Mlango wowote.”

“Namjibu, nifungie. Mbona waniuliza milango, na mwanangu mumemtilia komeo?”

Konstebo Austin alisema, “Sasa amfungie nani tena?” Naandikisha jambo hili si kwa kumdhihaki konstebo, ingawa ningeweza, bali kwa sababu lugha hii anayoandikia mashtaka wenyewe wamo humu ndani, wako hai, na wangeweza kuulizwa.

Kisha niliomba kuonyeshwa nati mbili zilizookotwa. Zililetwa ndani ya mfuko wa plastiki na nilizitazama bila kuzitoa. Amini alikuwa amezipaka rangi ya kuzuia kutu baada ya kuzifunga, kama ipasavyo. Nati ina pembe sita. Spana inapoikaza husukuma upande mmoja wa kila pembe, na inapoifungua husukuma upande wa pili. Katika nati zote mbili rangi imekwanguka upande wa kukaza tu, pembe zote sita, mpaka chuma kikang’aa. Upande wa kufungua rangi iko kama ilivyopakwa. Hakuna spana iliyowahi kuzifungua nati hizi. Kuna spana iliyozikaza kila asubuhi, ya mtu ambaye alikuwa akimwambia meneja kwamba zinalegea. Mgeni aliyemwona ameinama hapo alimwona akiwalinda. Sihitaji kuaminiwa katika hili. Macho yanatosha, na kila aliyemo chumbani anayo mawili.

Nikiulizwa kwa nini nati hizo ni nzima kama zilijifungua zenyewe, najibu kwamba nati iliyoteremka hesi yake polepole haidhuriki. Inayovunjika ni ile inayokataa. Hizi ziliondolewa uwezo wa kukataa huko Mokowe, kwa agizo, na fundi aliyeagizwa simlaumu. Aliletewa nati akaambiwa zilainishwe, akalainisha.

Nikiulizwa kama nina nati ambayo haikupitishwa mashini, najibu kwamba ninazo nne nilizokuja nazo. Nimempa Koplo Chelangat moja, pamoja na bolti, aijaribu mwenyewe. Nimeomba aijaribu na moja ya zile za mfuko.

Nikiulizwa kama nina uhusiano na mshukiwa, najibu kwamba hatuna nasaba. Ni mtu aliyejaribu kazi yangu kwenye injini yake mwenyewe, akiwa ndani ya boti hiyo hiyo, baharini, kabla sijaweza kumwahidi chochote. Sijui serikali inauita uhusiano gani.

Bw. Mugambi atasema kwamba kiungo kilichoshikwa na nati yangu kilifunguka na mtu akaumia. Ni kweli, na naomba iandikwe kwamba nimelisema mimi kabla yake. Nati hiyo niliibuni ishindane na mawimbi. Sikuibuni ishindane na meneja. Hilo ni pungufu la usanifu, maana mameneja ni wengi kuliko mawimbi na hawapungui kusi inapokwisha. Nati ambayo mtu mmoja asiyejua anaweza kuiharibu kwa mchana mmoja, ikabaki inaonekana nzima, haijakamilika. Sitampa mtu yeyote nyingine mpaka nitakapopata namna ya kuifanya ivunjike wazi wazi mtu akijaribu kuichonga upya, ili asiwe na kitu cha kufunga. Kama upelelezi utaona nati yangu ina kosa, kosa ni hilo, na liandikwe kwa jina langu. Lisiandikwe kwa jina la Amini.

Nimesomewa maelezo haya, kisha nimejisomea mwenyewe kwa miwani yangu, na nimesahihisha tahajia mahali patatu. Niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio ndiyo yaliyomo. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi: Idris V. Kombo

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Mourine Chelangat, shahidi akiwa na akili timamu na bila kushurutishwa. Shahidi alikataa kiti chenye mto.

Nimejaribu nati aliyotoa shahidi kwenye bolti. Iliingia kwa mkono mpaka katikati ikakwama, na sikuweza kuisogeza bila spana. Nimejaribu nati moja ya kielelezo mbele ya Konstebo Austin. Ilizunguka kwa kidole mpaka mwisho, na nilipoitikisa bolti kwa muda ilianza kurudi yenyewe. Alama za spana kwenye nati zote mbili ziko upande mmoja tu kama alivyoeleza shahidi. Picha zimepigwa.

Nimempigia simu Bi Edah Wakesho hospitalini. Amesema Amini alimwonya Jumapili asipite ngazini, na yeye alipita kwa sababu meneja aliagiza samaki.

Kwa amri ya mkuu wa kituo, Amini Bunu Lali ametolewa seli saa tano na nusu asubuhi na kukabidhiwa kwa mamake. Hatavushwa leo. Maneno ya mshukiwa yaliyoandikwa jana yameandikwa upya kama alivyoyatamka, pamoja na maana yake.

Bw. Nicodemus Mugambi amepigiwa simu afike kituoni kuandikisha maelezo. Ameuliza kama anaweza kumtuma mtu. Nimemjibu aje yeye.

Koplo M. Chelangat
12/02/2025